Kijana wangu ametolewa namba kumi akawekwa namba sita. Niende kumwona kocha?

Mzee wa Viatu, Nakuru

Wadau, hamjambo. Mimi nauza viatu vya mitumba hapa Nakuru, na mpira naujua ule wa kutazama tu. Kijana wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya bweni upande wa Kakamega. Tangu shule ya msingi amekuwa namba kumi, yule wa mbele nyuma ya straika, anafunga, anashangiliwa. Muhula huu kaja kocha mpya, akamrudisha namba sita, kiungo wa kukaba mbele ya mabeki. Siku ya kutembelea wanafunzi nilimkuta amenuna, hata chapati nilizombebea hakuzigusa. Ananiuliza, "Baba, huko nyuma nani ataniona?"

Nikakosa jibu. Maanake hao wanaozunguka kwenye mashindano ya shule wakitafuta vijana, daftarini wanaandika nani amefunga. Sijamwona anayeandika nani amekaba. Nataka kwenda kuongea na huyo kocha kabla michezo haijaanza. Niende, ama nitamharibia? Na hiyo namba sita ina maisha kweli?

Mtu wa Ziwani, Kisumu

Mzee, McDonald Mariga ndiye Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, akiwa Inter ya Italia. Mdogo wake Victor Wanyama ndiye wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Wote viungo wakabaji. Na ndiyo, najua kuna washambuliaji Oliech na Olunga, msinirukie. Baba yao akina Wanyama alichezea Leopards, na mimi ni wa Gor, mahasimu wao, kwa hiyo sifa naziachia hapo. Hata hizo chache zimeniuma kuandika.

Sita Mstaafu, Kakamega

Baba, usiende. Ukiona lazima, nenda na swali, malalamiko uyaache Nakuru.

Mimi nimecheza sita miaka tisa. Nilianzia timu ya kampuni huku kwenye miwa, nikamalizia madaraja ya chini. Ulaya niliiona kwenye televisheni. Na mimi pia nilianza mbele, nikarudishwa, nikanuna kama kijana wako.

Kocha aliyenirudisha alikuwa na zoezi moja. Anasimama mgongoni kwangu hatua tano hivi, ameinua vidole. Mwenzangu ananipigia pasi, na kabla mpira haujanifikia lazima niwe nimegeuza shingo, nimeona, nimepaza sauti: "Tatu!" Nikichelewa, narudia. Nikikosea, narudia. Siku ya kwanza kati ya pasi 20 nilipata mbili. Nilimwona mtu mchokozi. Ilichukua karibu mwezi mzima shingo kuanza kugeuka yenyewe, na hapo ndipo uwanja ulipopanuka. Namba kumi adui wake mara nyingi anamwona. Sita anapokea mpira kutoka kwa beki wake mwenyewe, uso umeelekea lango lake, na anayekuja kumvunja anatoka kisogoni. Usipojua aliko, unampigia beki mpira uleule kila mara na watazamaji wanakuita mwoga.

Kingine ni mpira wa pili, ule unaodondoka baada ya watu wawili kuruka kichwa. Huku mvua inashuka saa kumi jioni karibu kila siku kwenye msimu wake, nyasi inateleza, mabeki wanabutua tu. Mechi nzima ni mpira wa pili. Nilifundishwa nisiutazame ukiwa hewani. Tazama mabega ya aliyetangulia kuruka: yakikaa sawa, mpira utaenda mbali, akiruka amepinda, utaangukia karibu, upande ule aliopindia. Nilikuwa nafika pale kabla haujagusa chini, na watu wanasema nina bahati.

Kuhusu nani atamwona. Tarehe 7 Novemba 2012 Celtic ya Scotland, timu ya Wanyama wakati huo, waliwapiga Barcelona 2-1. Tulijazana kwenye kibanda cha video, tumelipa shilingi 20 kila mtu. Dakika ya 21 Mulgrew akapiga kona, Wanyama akaruka juu ya Jordi Alba nguzo ya mbali, kichwa, bao. Kibanda nusura kianguke. Mwenzangu yeyote wa siku hiyo ukimuuliza atakusimulia hilo bao. Mimi nilikuwa namtazama kwa dakika zile nyingine, jinsi alivyokuwa akisimama mahali ambapo pasi ingepita, hakimbii sana, yupo tu njiani kama mti. Nilirudi nyumbani nikijisemea, kumbe kazi yangu ndiyo hii.

Celtic walikuwa wamemnunua kutoka Beerschot ya Ubelgiji mwaka 2011 kwa pauni 900,000 hivi. Mwaka 2013 Southampton ya Uingereza wakatoa milioni 12.5. Walioweka hizo pesa hawakuwa wakihesabu mabao.

Sasa nikwambie na uchungu wake, nisije nikaonekana namuuzia kijana ndoto. Sita ndiye anayegongwa. Wanyama mwenyewe goti lilimsumbua pale Tottenham, na alikuwa na madaktari wa kila aina. Mimi goti langu la kulia lilikandwa kwa maji moto na mafuta ya kuchua, nikarudishwa uwanjani Jumamosi iliyofuata. Mshahara ulikuwa unachelewa miezi mitano, siku nyingine tunalipwa nauli tu. Timu ikavunjwa. Leo nasaga unga. Nikipanda ngazi na debe begani, goti linalia kama mlango. Kwa hiyo masomo yasiachwe, hilo silijadili.

Mtu wa Ziwani, Kisumu

Umesahau lile kombora la Wanyama akiwa Tottenham, pale Anfield, uwanja wa Liverpool, Februari 2018. Katoka benchi sasa hivi tu, kipa wa Liverpool kapangua kwa ngumi, mpira unamjia, akaupiga bila hata kuutuliza, bao. Mechi iliisha 2-2. Mimi ni shabiki wa Liverpool, ndiyo maana nakumbuka.

Kocha Dada, Vihiga

Kaka Mstaafu, kwa hilo la "usiende" nakupinga. Nafundisha wasichana huku, na mzazi anayekuja kuuliza kwa heshima namshukuru. Mtoto wa miaka 16 hafungiwi mahali pamoja kwa misumari. Muulize kocha: umemwona nini hadi ukamrudisha? Asipokuwa na jibu, alikuwa na pengo tu akalijaza na kijana wako. Akiwa na jibu, utalijua.

Halafu Baba, kuna jambo hukuliuliza. Hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa ni zilezile kwenye cheti cha kuzaliwa, rekodi za shule na fomu za timu. Herufi moja tu ikipotea utaikimbiza miaka. Kila timu anayosajiliwa, weka nakala. FIFA wana utaratibu kwamba mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa timu zilizomlea kuanzia mwaka wa miaka 12 hadi 23, na bila rekodi timu za kwetu haziambulii kitu.

Na mtu akikujia sasa na habari za majaribio Ulaya, anaitisha pesa ya viza, mfungie mlango. Chini ya miaka 18 uhamisho wa kimataifa hauruhusiwi, isipokuwa kwa hali chache sana, na yako haimo.

Mzee wa Viatu, Nakuru

Nimerudi. Nilienda Jumamosi, nikampelekea kocha swali la Kocha Dada nilivyoagizwa. Akacheka, akasema, "Mzee, mtoto wako ndiye peke yake anayenyamaza akisikiliza." Sijui kama hilo ni jibu.

Nikakaa kutazama mechi. Nikaamua nisifuate mpira, nimtazame yeye tu. Baba Mstaafu, nilianza kuhesabu akigeuza shingo. Nilifika 31 kabla ya mapumziko, nikapoteza hesabu kwa sababu aliteleza akakaa chini kwenye matope, na muda huohuo adui akapita. Walifungwa bao hapo. Alipoinuka alitazama kwanza viatu vyake, kisha akanitazama mimi.

Baada ya mechi hakusema habari ya namba kumi. Ameomba viatu vyenye meno marefu. Mzigo wa Jumanne nilipata pea moja namba 42, safi, ila kiatu cha kushoto hakina jino moja la chuma. Kuna anayejua fundi hapa Nakuru wa kuniwekea?

Sita Mstaafu, Kakamega

Usiende kwa fundi. Nitumie picha ya soli, mimi nina kopo zima la hayo meno nyumbani.