Wanatangaza kazi huku beji ya mtu washaichapisha!

Jamani, nimeshuka garini sasa hivi, buibui limejaa vumbi, na silivui mpaka niandike.

Ile hoteli ya kaskazini. Mnaijua, msijitie hamnazo. Ile iliyosambaza tangazo kila kundi la WhatsApp, hadi kundi la maulidi la mama yangu: "Anatafutwa Msimamizi wa Mapokezi." Tangazo refu kuliko khutba ya Ijumaa! Stashahada ya utalii, Kiingereza, Kitaliano, uzoefu, wadhamini, barua ya sheha, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Bado kidogo wadai na cheti cha ndoa cha babu. Na vyote mie ninavyo! Stashahada nimeitoa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Kitaliano nimekisotea Kiwengwa mpaka naota kwa Kitaliano. Wakaniita usaili, nikapanda daladala ya 116 nikenda.

Nafika mapokezi, namkuta kijana kakaa. Shati la hoteli. Kifuani beji. Nasoma jina, chini yake: MSIMAMIZI WA MAPOKEZI. Beji, jamani! Mie ndo kwanza naingia kwenye usaili wa kazi hiyo hiyo!

Ndani nikaulizwa jina la baba na ninakokaa, basi. CV yangu haijafunguliwa, imewekewa gilasi ya juisi juu yake. Halafu meneja, Mungu anisamehe, ananambia: "Dada, kwa vile weye unaijua ile programu ya kuwekea wageni vyumba, hebu mueleweshe huyu kijana kabla hujaondoka."

Nimueleweshe! Mwenye beji! Nimfundishe kazi niliyonyimwa, tena bure, tena kwa nauli yangu! Nimetoka bila ya kuaga. Njia nzima naisikia tu, "hebu mueleweshe".

Kama mna mtoto wa ndugu yenu mwekeni, nani kakukatazeni? Msitutangazie! Beji haichapishwi kwa dakika moja. Siku tangazo linatoka, beji ipo!

Yakhe wa Darajani: Pole dada. Ile ya karibu na ukuta mweupe? Nshaijua. Mwaka jana walimfanyia hivyo hivyo shemegi yangu, jikoni.

Mtoto wa Bububu: Beji ilikuwa ya plastiki au ya chuma? 😂😂

Mwenye uzi: Ya chuma! Imechongwa!

Mtoto wa Bububu: Basi hiyo kazi ilijaa tangu kijana yuko madrasa.

Bi Mkubwa: Mwanangu, nenda Kamisheni ya Kazi. Ipo Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, haikuandikwa ya kupambia kabati.

Mwenye uzi: Ntakwenda, bi mkubwa. Lakini "hebu mueleweshe", jamani!

Mwajiri Mdogo: Na sie waajiri tusikilizwe. Nilitangaza mpishi wa samaki. Nikaandika kila kitu: kazi zenyewe, sifa za lazima, sifa za ziada, pahala, siku ya mwisho ya kuomba. Nimeletewa CV na fundi wa feni, na dereva wa gari ya ng'ombe, na mmoja kaleta picha yake yuko ufukweni, basi, bila ya neno.

Yakhe wa Darajani: Mshahara uliuandika?

Mwajiri Mdogo: Maelewano.

Yakhe wa Darajani: Ahaa! Mpishi wa kweli ana kazi yake tayari, ataiachaje kwa "maelewano"? Andika pesa uone kama fundi wa feni hatokaa pembeni mwenyewe.

Mwajiri Mdogo: Nikiandika, nlonao watataka hiyo hiyo.

Bi Mkubwa: Si uwape!

Mpemba Halisi: Nyie wa Unguja mnalilia beji. Sie ujumbe wa usaili unatufika usiku, tumelala: "Fika Mjini kesho saa mbili asubuhi." Nipo Wete! Nije kwa ungo? Tangazo wanaandika "Wazanzibari wote", kumbe Pemba haimo.

Bint Mkoani: Useme tena! Na ukiwaomba wakusaili kwa simu ya video wanakujibu "mtandao unasumbua". Tangazo walilirusha kwa mtandao gani?

Mwenye uzi: Ni kweli Pemba mnaonewa, lakini mie nimeambiwa nimfundishe...

Mpemba Halisi: Dada, weye ulipanda gari ukarudi kulala kwenu. Mie nililala Malindi, bandarini hapo Unguja, na vyeti kichwani.

Mtoto wa Bububu: Vyeti umelalia, CV imewekewa juisi. Kazi yao imeonekana leo.

Mwenye uzi: Haichekeshi! Beji ya chuma!

Bint Mkoani: Kwani boti ya kesho kwenda Mkoani ipo? Nna mgonjwa wa kumtazama.

Yakhe wa Darajani: Ipo, lakini kusi limekaza. Mwambie anayesafiri asile urojo kabla.

Mpemba Halisi: Akate na ndimu, awe anainusa.