Nyumba ya Yoro, Japani: nani aliipitishia ramani?

FundiTimazi
Wakuu, heshima kwenu. Mimi mwashi, riziki yangu timazi na pima maji. Kijana wangu kanionyesha picha za Yoro, huko Japani: ukuta umepita katikati ya sofa, bafu limekatwa nusu, jiko linaning'inia darini. Nje kuna bonde kama bakuli, hata pa kusimamisha ngazi hapapo. Kibarua wangu akinifanyia hivi simlipi. Hii ni nyumba, ni bustani, au watu wametaniwa?

MkaziNagoya
Fundi, vyote vitatu. Nimefika, iko mkoa wa Gifu. Unashuka Ogaki, unapanda treni ya Yoro. Ilifunguliwa 1995. Waliobuni ni mume na mke, Shusaku Arakawa na Madeline Gins, mshairi wa Marekani. Arakawa alikuwa Tokyo 1960 kwenye kundi la Neo-Dada, vijana waliopenda kuivuruga sanaa, kwa hiyo fujo hiyo ina ukoo. Ila nia yao nzito: mwili ukizoea sakafu tambarare unasinzia, na uliosinzia hukubali kufa. Wakataka kuuamsha kwa kuuyumbisha.

Na unayumba kweli! Getini wanaazimisha helmeti na viatu vya raba. Humo ndani maelekezo yanasema ukipoteza mwelekeo, taja jina lako kwa sauti, ikibidi taja la mtu mwingine. Langu halikusaidia, nikamwita mama mkwe. Bondeni nako kuna vijia 148, vingine vyembamba hata unapita kiubavuubavu.

Kichuguu
Sasa hao wenyewe, walikwepa kufa?

MkaziNagoya
Arakawa alifariki 2010, Gins 2014. Lakini Mitaka, Tokyo, waliacha fleti 9 zilizokamilika 2005, sakafu ina vilima, na watu wanapanga humo.

FundiTimazi
Vilima sebuleni! Kabati linakaaje?

MkaziNagoya
Hakuna kabati, fundi. Dari lina kulabu kila mahali, unatundika nguo, mabegi, hata bembea.

FundiTimazi
Bembea ibebe mtu mzima? Hizo kulabu wamezichimbia kwenye zege, au zimefungwa tu juu juu? Mwenye picha ya karibu aiweke.