Shimo la Yamal, Siberia: nini hasa kililitoboa?

Mfinyanzi255
Wakuu, naomba ufafanuzi kuhusu lile shimo la rasi ya Yamal lililoonwa kutoka helikopta Julai 2014, karibu na machimbo ya gesi ya Bovanenkovo. Kimondo, kombora, ardhi kutitia, gesi: kila anayeandika ana uhakika wake. Ushahidi upi unaondoa lipi? Na kama ni gesi, inapasuaje udongo ulioganda mgumu kama zege?

Jiwe_la_Pwani
Anza na ukingo, mkuu. Ardhi ikititia, kifusi chake kinashuka chini, hakitoki nje. Pale mdomo umezungukwa na tuta la udongo, na mabonge mengine yalirushwa zaidi ya mita 100. Kwa hiyo msukumo ulitoka ndani.

Kimondo huchimba sahani: upana mara kadhaa ya kina. Hapa mdomo ni mita 20 na ushee, kina kama mita 50, kuta zimesimama wima kama kisima. Kisha tazama picha za setilaiti za kabla ya vuli ya 2013: palepale palikuwa na kilima kidogo. Kimondo hakitangulizi kilima! Na wanaotaja Ngorongoro, ile ni kaldera, paa la volkano lililoporomoka baada ya magma kutoka. Yamal hakuna magma.

BarafuNgumu
Naongezea jinsi kifuniko, yaani udongo ulioganda juu ya gesi, kinavyopasuka, maana hapo ndipo wengi wanaruka.

Mita 10 za udongo ulioganda wenye barafu nyingi zinakandamiza kwa kama bar 1.5 hadi 2 tu (bar 1 ni karibu sawa na shinikizo la hewa usawa wa bahari), ukiacha uimara wa udongo wenyewe. Si nyingi kwa gesi iliyofungiwa. Barafu ikisukumwa polepole haivunjiki, inajipinda, ndiyo maana kilima huvimba kwanza. Ufa ukishapenya, shinikizo linashuka ghafla na maji yenye gesi yanafoka kama soda iliyotikiswa.

Ubishi uliobaki ni gesi ilitoka wapi. Dhana moja ni haidreti, yaani gesi ya methani iliyonaswa ndani ya fuwele za barafu. Mita moja ya ujazo ikiyeyuka hutoa gesi karibu mita 160 za ujazo. Kwenye nyuzi 0 haidreti huhitaji kama bar 26, shinikizo la mita mia mbili na zaidi chini, ila mabaki yake yanaweza kudumu juu zaidi yakifunikwa na utando wa barafu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moscow walieleza mwaka 2018 kwamba palikuwa na ziwa. Lilipokauka, tope lililokuwa chini yake likaanza kuganda kutoka pande zote, na gesi, hewa ya ukaa ikiwemo, ikabanwa katikati.

Mfinyanzi255
Basi joto la kiangazi ndilo lilianzisha yote?

BarafuNgumu
Si moja kwa moja, ndugu. Ukishuka mita 10 hivi, tofauti ya kiangazi na kipupwe karibu inaisha. Joto la juu huchukua miaka mingi kufika kwenye kina cha haidreti. Pengo hilo ndilo dhana ya osmosisi ya 2024 inajaribu kuziba: maji ya tabaka linaloyeyuka juu huvutwa chini kwenye mfuko wa maji ya chumvi usioganda, shinikizo linapanda, udongo unapasuka kuelekea juu, na haidreti iliyo chini inapoteza shinikizo ghafla. Mwaka huohuo watafiti wa Oslo walielekeza kwenye gesi na joto kutoka vilindini kupitia nyufa za miamba, vikikipunguza unene kifuniko kwa chini. Mimi naegemea huko, kwa sababu inaeleza kwa nini mashimo ya aina hii yako Yamal na rasi jirani ya Gydan, kwenye gesi nyingi, wakati ardhi iliyoganda imezunguka Aktiki nzima.

Kipimajoto
Tahadhari kwa anayedhani ni pa kushuka na tochi ya moto: mwaka 2014 methani ilipimwa chini ya shimo ikafika asilimia 9.6. Ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15, cheche inatosha. Mlipuko mwingine wa Yamal, ule wa Seyakha, Juni 2017, uliwaka moto. Na vipimo havisubiri. Kuta zinayeyuka, maji yanajaa, na ndani ya miaka michache shimo la 2014 lilikuwa ziwa. Shimo jingine, la 2020, liliwahiwa: droni ilishushwa ndani, ikapiga picha za kuta, na ramani iliyotoka ilionyesha pango ndani ya barafu lililo pana kuliko mdomo wake.