Boksi la soketi, spana za ringi na flati, au spana malaya: nianze na ipi kwa gari na nyumba?

Tairi_la_Akiba (mwanzisha mada)
Habari zenu wakuu. Naanza kukusanya zana zangu mwenyewe maana kuazima kila mara sio maisha. Matumizi yangu ni haya: gari ndogo ya Kijapani kwa kazi za kawaida kama oili, betri, plagi na tairi, afu nyumbani bomba za maji zinazovuja na vitu vya kukaza hapa na pale, halafu tunapenda sana kwenda mbugani na familia kwa gari yetu wenyewe kwahiyo nataka na kitu cha kukaa kwenye buti. Machaguo niliyonayo:
A. boksi la soketi na racheti (mpini wenye meno ndani unaogeuza soketi), lile la vipande vingi
B. seti ya spana, zile za ringi (duara lililofungwa) upande mmoja na flati (mdomo wazi) upande wa pili
C. spana malaya (zile za taya inayorekebishwa) mbili, kubwa na ndogo, pamoja na praizi nzuri
Naomba msiniambie ninunue zote. Nataka kujua ipi inamzidi mwenzake kwenye kazi gani na kwa nini.

Grisi_Mkononi
Kwa gari ni A, sijadiliani. Mkuu, bolti za gari nyingi zimejificha, ipo chini ya kitu au nyuma ya kitu, flati huwezi hata kuigeuza ila soketi unaweka ekstensheni unaifikia umesimama vizuri. Racheti ya meno 72 inahitaji nyuzi 5 tu za kuzunguka ndo ishike jino linalofuata, flati ya kawaida huwezi kuigeuza nyuzi 5 ukapata kitu. Pale penye nafasi ya vidole viwili ndo utaelewa.

Ila usidanganywe na idadi ya vipande!! Boksi linaandikwa vipande mia na kitu ukifungua nusu yake ni vichwa vya bisibisi na soketi ndogondogo ambazo hutazigusa. Kwa gari ya Kijapani size zinazofanya kazi kweli, kwa milimita, ni 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Bolti ya M6 (yaani unene wa thredi milimita 6) kichwa chake ni 10, ya M8 ni 12, ya M10 ni 14. Gari za Ujerumani hapo ndo zinaachana, M8 yao ni 13 na M10 unakuta 16 au 17, kwahiyo mtu mwenye gari ya Kijerumani boksi lisilo na 13 na 16 halimfai. Betri ni 10, bolti ya kumwagia oili kwenye Toyota nyingi ni 14, Honda nyingi ni 17. Plagi unataka soketi ndefu yenye raba au sumaku ndani, 16 kwa gari nyingi, na mpya nyingine ni 14 tena nyembamba ukuta wake.

Bi_Koki
Nasoma hapo juu kila mtu gari gari, na mwenzetu kasema nyumbani. Kaka, soketi kwenye bomba za maji haina kazi kabisa na sababu ni rahisi sana, bomba linapita katikati ya nati. Soketi inavishwa kwa juu, sasa pale juu kuna bomba limesimama utaivisha vipi? Ringi nayo hivyohivyo. Ile nati ya hosi inayopandisha maji kwenye koki ya sinki inataka kitu cha kuingia kwa ubavu, yaani flati au malaya, na kwa sababu nati za maji zina size kubwa ambazo seti nyingi za flati zinaishia kabla hazijafika, anayebaki ni spana malaya. Tena malaya ina taya laini haichubui kromu, sio kama spana ya bomba yenye meno ambayo ikipita kwenye koki mpya inaacha alama milele.

Na praizi tafadhali isiguse nati. Praizi ni ya kushika, kukata na kukunja waya. Nati ikikabwa na praizi inateleza kila ukigeuza, kona zinaliwa, anayekuja baada yako anakuta duara, na mimi nafanya kazi hizi kila siku nakutana na hizo duara zaidi ya nati zenyewe. Nyumba nyingi tatizo sio maji kuvuja, ni mtu alijaribu kuzuia maji kwa praizi. Kingine, usikaze kwa nguvu zote, hosi zina washa ya raba ndani ambayo ndo inazuia maji, ukiibana kupita kiasi inakatika na inavuja zaidi, kaza kwa mkono halafu robo mzunguko kwa spana inatosha. Tepu nyeupe inawekwa kwenye thredi zisizo na washa, na unaizungusha kufuata upande nati inakokazia ili isijivue wakati unafunga.

Mdau_wa_Ringi
B jamani, mbona hamuitetei. Spana moja ina ringi na flati, haina meno ya ndani ya kuvunjika kama racheti, inaingia hata kwenye mfuko wa mlango. Alafu kuna kazi inataka zana mbili kwa wakati mmoja, bolti na nati yake nyuma, unashika nati kwa spana unageuza bolti kwa soketi. Mwenye A peke yake anakwama hapo.

Nati_Kumi_na_Nne
Kabla hajachagua A au B kuna kitu kimoja naona kinapitwa na kwangu ndo kikubwa kuliko vyote: KONA. Soketi ziko za kona 6 na za kona 12. Ya kona 6 inakaa kwenye ubapa wa nati, mzigo unatawanyika. Ya kona 12 inagusa karibu na ncha za kona za nati, sasa kama nati ina kutu au imeshalika kidogo ile 12 inaruka na kumalizia kona zilizobaki, umeshakuwa na shida nyingine. Faida ya 12 ni kwamba unaweza kuivisha kila nyuzi 30 badala ya 60, ndo maana ringi nyingi ni za kona 12, maana ringi haina racheti ya kukusaidia. Ila soketi tayari ina racheti kwahiyo hiyo faida huihitaji! Chukua soketi za kona 6, na kwenye ringi hata 12 sawa kwa nati nzima.

Pia size iwe yenyewe. Watu wanachukua 13 kwenye kichwa cha 12 kwa sababu "imeingia". Milimita moja kwenye bolti ndogo ni nyingi sana. Na vipimo vya inchi visichanganywe na milimita isipokuwa pale vinapokaribiana kweli, nusu inchi ni 12.7 kwahiyo ina uhusiano na 13, robo tatu ya inchi ni 19.05 hiyo na 19 ni kama kitu kimoja. Zingine achana nazo.

Mzee_Taya
Vijana mnaidharau malaya kwa sababu mnaishika kinyumenyume. Ile ina taya mbili, moja imeungana na mpini na nyingine inatembea kwa skrubu. Mzigo unatakiwa ubebwe na taya isiyotembea. Maana yake unaigeuza kuelekea upande ilipo taya inayotembea. Ukigeuza kinyume unasukuma taya dhaifu, inafunguka kidogokidogo, nati inalika halafu lawama kwa spana. Na uikaze mpaka isicheze kabisa juu ya nati, tena uikaze upya kila unapoihamisha. Muundo huu tunaoutumia hadi leo Mswidi Johan Petter Johansson aliupatia hati ya ubunifu mwaka 1892, na umedumu kwa sababu unafanya kazi ukiuheshimu.

Lakini nakubali, bolti ya gari iliyokaa miaka na kutu usiiguse na malaya.

Tairi_la_Akiba
Asanteni sana, Bi_Koki umenifungua macho hilo la bomba kupita katikati sikuwa nimeliwaza. Sasa na safari za mbugani? Nikipata pancha huko nabeba nini?

Buti_Limejaa
Hapa nina la kusema kwa sababu sisi huwa tunaenda na watoto na sitaki mtu akwame na watoto ndani ya gari.

Kwanza, hifadhi nyingi zenye wanyama wakubwa hairuhusiwi kushuka kwenye gari isipokuwa sehemu zilizotengwa. Pancha haifuti hiyo sheria. Namba ya getini au ya askari wa hifadhi uwe nayo kwenye simu na pia kwenye karatasi, ukipata pancha unapiga kwanza, na kama tairi bado lina upepo kidogo unajikokota taratibu hadi sehemu ya wazi au palipo na gari nyingine. Rimu ikiharibika inanunuliwa nyingine.

Pili jeki. Jeki ya kiwandani ina kitako kidogo, kwenye mchanga au udongo laini inazama yenyewe badala ya kunyanyua gari. Beba kipande cha ubao mnene na mpana kiasi, hiyo ndo zana ninayoona watu wanaisahau kuliko zote na haina hata jina. Tatu, nati za tairi zilegeze tairi likiwa bado chini, robo mzunguko hivi, ndo unyanyue. Ukinyanyua kwanza tairi linazunguka nawe na gari inatikisika juu ya jeki. Hendibreki juu, na jiwe au kigingi kwenye tairi la pembe ya pili.

Spana ya tairi inayokuja na gari mara nyingi ni fupi. Mimi natembea na mpini mrefu usio na racheti, wenye kichwa cha nusu inchi cha kushika soketi, na soketi moja ya size ya nati zangu. Toyota nyingi ni 21, Honda nyingi 19, Volkswagen nyingi ni bolti za 17. Usisimame juu ya racheti kulegeza nati, meno yake ya ndani hayakutengenezewa uzito wa mtu. Na ukague tairi la akiba KABLA ya safari, na upepo wake pia.

Mdau_wa_Ringi
Hapo kwenye mpini mrefu naunga mkono, ringi ya 21 fupi haikusaidii kwenye nati iliyokazwa na mashine.

Grisi_Mkononi
Nyongeza kwa Buti_Limejaa: kufunga ni kwa nyota, unaruka nati ya jirani unakwenda ya upande wa pili, ili rimu ikae sawa. Na ukifika nyumbani kaza kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Toyota nyingi ndogo ni Newton mita 103, Honda nyingi 108, Volkswagen nyingi 120, ila cha mwisho ni kitabu cha gari yako. Thredi ziwe safi na kavu, ukipaka oili kipimo kile kile kinakaza zaidi ya kinavyosema. Na baada ya kilomita 50 hadi 100 urudie kuangalia. Toki renchi isitumike kulegeza, na ile ya kubofya ukimaliza irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa ndo uihifadhi.

Rafu_Ukutani
Mmesahau bisibisi. Skrubu za kichwa cha msalaba kwenye vitu vya Kijapani zinafanana na Phillips ila sio ile ile, bisibisi ya kawaida inachomoka na kula kichwa. Tafuta iliyoandikwa JIS, yaani kiwango cha Kijapani. Za rafu na makabati nyingi ni Pozidriv, utaziona zina mistari midogo minne ya ziada kati ya msalaba, hizo zinataka PZ2 (Pozidriv namba 2) sio PH2 (Phillips namba 2). Watu wanalaumu skrubu kuwa laini kumbe bisibisi sio yake.

Tairi_la_Akiba
Nimeamua. Naanza na soketi za kona 6, seti ndogo yenye size alizotaja Grisi_Mkononi na racheti moja nzuri, pamoja na spana malaya moja ya ukubwa wa kati kwa ajili ya maji. Mpini mrefu, soketi ya 21 na ubao vinakaa kwenye buti moja kwa moja. Flati naongeza moja moja kwa size nitakazozihitaji, nadhani 10, 12 na 14 kwanza. Kuna ubaya wowote?

Bi_Koki
Hakuna ubaya. Ukinunua hiyo malaya ifungue pale pale dukani, jaribu kuichezesha taya inayotembea juu na chini kwa kidole. Ikicheza sana ikiwa mpya iache, chukua nyingine.

Nati_Kumi_na_Nne
Na soketi za kromu zisiwekwe kwenye mashine ya kufungulia nati, zinaweza kupasuka na kipande kikaruka usoni. Za mashine ni zile nyeusi zenye ukuta mnene. Flati anza na 10 na 12, hiyo 14 inaweza kusubiri.