Mrejesho: okestra haina pedali

Wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini kipande changu cha piano, nilichokigawia ala za okestra noti kwa noti, kilisikika kikavu na chenye mapengo. Wengi mlinielekeza kwenye pedali, yaani kikanyagio cha piano, na nakiri kwamba tatizo lilikuwa hapo: kwenye piano mguu huziacha noti za mkono wa kushoto zikiendelea kuvuma na kuchanganyika, ilhali chelo ikishahamia noti inayofuata, ile ya kwanza imekwisha. Kwa hiyo nimeziachia chelo mwendo uleule wa noti moja moja, kisha nikaziandikia klarineti mbili na honi noti ndefu za upatano huohuo, kwa sauti ya chini sana, na ule ukavu umetoweka.

Aliyenishauri nichunguze jinsi mtunzi Mfaransa Ravel alivyoipangia okestra, mwaka 1922, kazi ya piano ya mtunzi Mrusi Mussorgsky ya 1874, Pictures at an Exhibition, namshukuru. Kumpa mpiga saksafoni ya alto melodia ya "Il vecchio castello", sehemu mojawapo ya kazi hiyo, ni uamuzi ambao mimi nisingeuthubutu. Katika kipande changu, dabo besi bado zinaifunika sauti ya fagoti katika kipimo cha 12, nami nitazipunguza.