Naomba ushauri (kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024): nitawahamasishaje majirani wajiandikishe bila kuonekana nimetumwa na chama?

Mkazi wa Naliendele
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi pembezoni mwa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, upande wa Naliendele, katika mtaa uliokuwa mikorosho mitupu na ambao sasa umejaa nyumba za watumishi, wapangaji na familia zilizohamia kutoka Newala na Tandahimba. Uchaguzi wa serikali za mitaa utafanyika tarehe 27 Novemba 2024, na uandikishaji ni kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kimenipa kazi ya kuhamasisha, kwa kuwa mwaka 2019 mwamko ulikuwa mdogo mno.

Ninapita nyumba kwa nyumba na daftari, nikiuliza nani yuko tayari kujiandikisha na anaegemea chama gani, ili tujue nguvu tuipeleke wapi. Mzee mmoja alilichukua daftari lenyewe, akalifunua ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniuliza, "Majina haya unampelekea nani?" Tangu siku hiyo wapo wanaojifanya hawapo nyumbani wakisikia hodi yangu. Je, ni lazima kuujua mwelekeo wa watu kabla ya kuwahamasisha?

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, swali la chama lifute leo hii. Mji huu ulipita katika vurugu za kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2013, ukampa ubunge mgombea wa chama cha upinzani cha CUF mwaka 2015, kisha mwaka 2020 kiti kikarudi chama tawala, CCM. Watu waliopitia hayo yote hawawezi kumweleza mgeni mwenye kalamu mkononi wanaegemea wapi, na mimi siwalaumu. Kura ni siri, na kumwuliza mtu atampa nani, hata kwa nia njema, ni kumwomba aivunje siri yake mlangoni pake. Anayetaka kujua mwelekeo wa eneo ayatazame matokeo ya udiwani ya kata, ambayo hutangazwa hadharani.

Karani wa Zamani
Naunga mkono, ila naona tatizo kubwa zaidi ambalo hujaligusa. Mwaka huu wa 2024 Tume ya Uchaguzi inaboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura mkoa kwa mkoa, kazi iliyoanzia Kigoma tarehe 20 Julai, wakati uandikishaji wa Oktoba ni wa orodha nyingine kabisa, ile ya wakazi wa mtaa, inayosimamiwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa. Mwenye kadi ya mpiga kura ya mwaka 2015 au 2020 atakwambia kwa kujiamini kwamba yeye "ameshajiandikisha", na siku ya kura jina lake halitaonekana. Hao waliohamia kutoka Newala ndio wa kuwaeleza kwanza, maana wengi bado hujihesabu kuwa wapiga kura wa kwao ilhali sharti la uchaguzi huu ni ukazi.

Vilevile, utoaji wa elimu ya mpiga kura una taratibu zake za kibali. Kabla hamjaitisha mkutano wowote, nendeni kwa afisa mtendaji wa mtaa mkajitambulishe kama kikundi.

Mkulima wa Nanyamba
Dada, umesahau korosho. Oktoba na Novemba nusu ya mtaa wenu haiko mtaani, inalala kwenye madungu, yaani vibanda vya shambani, maana ukiacha korosho chini siku chache mvua ya kwanza inazichafua na daraja la ubora linashuka. Baba anaokota, mama anaanika, vijana wanapeleka magunia chama cha msingi cha ushirika.

Mkazi wa Naliendele
Nashukuru sana kwa michango yenu. Suala la orodha mbili kwa kweli wengi hapa hawalijui.

Karani wa Zamani
Nikuulize jambo moja. Mwaka 2019 mtaani kwenu kura zilipigwa, au mwenyekiti wa mtaa alipita bila kupingwa?

Mkazi wa Naliendele
Alipita bila kupingwa.

Karani wa Zamani
Basi huo mnaouita mwamko mdogo haukupimwa kwa kura, kwa sababu hapakuwa na kura ya kupiga. Katika uchaguzi mkuu, kitaifa, walijitokeza takribani asilimia 43 ya walioandikishwa mwaka 2010, wakapanda hadi 67 mwaka 2015 ushindani ulipokuwa mkali, wakashuka hadi 51 mwaka 2020. Kwa maoni yangu watu hutoka wanapoona kuna cha kuamua. Mkishapata ridhaa ya mtendaji, waalikeni wagombea watakaoteuliwa wa vyama vyote waeleze watafanya nini kuhusu mgawo wa maji na migogoro ya mipaka ya viwanja, ambayo kwenye mitaa mipya kama wenu humfikia mwenyekiti karibu kila wiki. Mpangaji asiyejali chama atakuja kusikiliza habari za maji.

Mwalimu Mstaafu
Tena wapewe muda sawa, na msimamizi wa mkutano asiwe mwanachama anayejulikana wa upande wowote.

Mkulima wa Nanyamba
Tarehe 11 Oktoba ni Ijumaa. Wengi wetu hurudi mjini kwa ajili ya swala na sokoni, kisha Jumamosi alfajiri tunaondoka tena. Mwombeni imamu atangaze baada ya swala kituo kiko wapi, nanyi muwe nje ya msikiti kuwaelekeza watu. Walioko mbali zaidi wapelekewe taarifa kupitia madereva wa bodaboda wanaobeba magunia, kwa kuwa wao wanajua nani yuko shamba lipi.