Je, utamaduni wa leo ni tajiri kuliko wa karne zilizopita?

Hoja: simu moja leo inabeba nyimbo na mashairi mengi kuliko maktaba yoyote ya karne ya 18. Je, hilo linatosha kusema tumewazidi waliotutangulia? Wakazi watatu wa mitaa ya Nairobi wanajibizana.

Wa Pangani: Halitoshi. Chukueni utenzi. Ubeti una vipande 4, kila kipande mizani (silabi) 8: Na-i-ro-bi-ya-za-ma-ni. Vipande 3 vya kwanza huishia kwa kina kimoja, yaani sauti ileile ya mwisho; cha nne huishia kwa kina chake, kinachorudi hadi ubeti wa mwisho. Mghani akidondosha kipande, hata mtoto aliyekaa barazani anasikia pengo. Hati ya Utendi wa Tambuka, utenzi wa kale wa vita, ya mwaka 1728, kutoka kisiwa cha Pate, iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zenye alama 3 za irabu, na Kiswahili kina irabu 5. Asiyeujua utenzi angekwama njiani: *e* au *i*? *o* au *u*? Kwa hiyo hati ilimkumbusha mtu aliyekwisha kuhifadhi. Leo maandishi ni tele, wa kughani beti 50 kwa moyo ni wa kuhesabu.

Wa South B: Ndugu yangu, na mtoto wa mtumwa je, alifundishwa kusoma hati hizo? Huwezi kuisifu Pate ukamruka yeye. Hata hapa mjini, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931 na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusomea humo. Leo mwanafunzi wa Kayole anaingia. Kwangu huo ndio utajiri, na sitaubadilisha na kumbukumbu ya wateule wachache.

Wa Kaloleni: Dada, hapo uko sawa, lakini kuingia ni jambo moja, kutengeneza ni lingine. Nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ina nyuzi 8, 4 kwa kila mkono. Mpigaji huketi chini, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu hugonga ubao wa ala: ndiyo ngoma yake. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni za nailoni, zile za kuvulia samaki. Hazikatiki ovyo, ila sauti ni kali zaidi. Kisha ikaja santuri, upande mmoja dakika 3 hivi. Wimbo wa sifa uliokuwa ukirefushwa kwa kadiri ya waliohudhuria ukakatwa ukatoshea. Santuri imeondoka, simu haina kikomo hicho, na bado tunarekodi dakika 3!

Wa South B: Basi kosa ni mazoea, mzee wangu. Kifaa hakina hatia.

Wa Kaloleni: Nakubali, na mazoea yanarekebishika. Studio nyingi huweka maikrofoni moja mbele ya nyuzi, mlio wa pete ukapotea, halafu mtu anaongeza ngoma ya kompyuta isiyomfuata mpigaji anapoharakisha. Wekeni mbili: moja usawa wa ngozi ya ala, nyingine chini karibu na mguu. Na msimsimamishe mpaka amalize mwenyewe.